Tanbihi si kijachini

Wapo wanaouita mstari unaochapwa chini ya kila ukurasa wa jedwali la Excel "tanbihi". Hapana, huo ni kijachini. Tanbihi, neno tulilopewa na Kiarabu kwa maana ya kuzindua, hufafanua jambo moja mahali pamoja. Kijachini hakifafanui kitu. Hujirudia ukurasa baada ya ukurasa kikitaja namba, tarehe au jina la faili, sawa na mwenzake wa juu, kijajuu. Maneno hayo hayapendezi sikioni, lakini yanajieleza. Mhasibu ambaye feni imemtawanyia orodha ya mishahara isiyo na "Ukurasa 1 wa 12" hatabishana nami. Ila vichwa vya safu, kama Jina na Kiasi, si kijajuu: hivyo huwekewa mpangilio wake, wa safumlalo za kurudiwa juu.