Mlipuko wa Laki (1783–1784)

Mlipuko wa Laki ni tukio la kivolkeno lililoanza kusini mwa Iceland tarehe 8 Juni 1783, siku ya Pentekoste, na kuendelea hadi tarehe 7 Februari 1784. Umepewa jina la mlima Laki, ingawa mlima wenyewe haukulipuka: ardhi ilipasuka pande zake mbili kwa urefu wa kilomita 27 hivi, na kando ya ufa huo zikazuka kasoko zaidi ya 130. Lava ilifunika karibu kilomita za mraba 600.

Wengi wanaposikia volkeno huwaza lava. Ile ya Nyiragongo ilipoingia Goma mwaka 2002 iliteketeza nyumba na maduka kwa maelfu, lakini haikugusa hali ya hewa ya dunia. Madhara makubwa ya Laki yalitokana na gesi. Inakadiriwa kwamba tani milioni 120 hivi za salfa dioksidi zilipaa angani, zikaungana na unyevu na kuwa matone madogo mno ya asidi. Matone hayo hurudisha juu sehemu ya mwanga wa jua, na ardhi iliyo chini yake hupoa.

Iceland yenyewe iliangamizwa kwanza na floridi, iliyotua juu ya malisho. Kondoo walioyala walivimba taya, mifupa yao ikaota manundu, wakashindwa kutafuna. Karibu asilimia 80 ya kondoo walikufa, pamoja na nusu ya ng'ombe na farasi. Wenyeji waliishi kwa maziwa, nyama na sufu. Mifugo ilipokwisha, njaa na maradhi viliua watu wapatao 9,000, takriban mmoja kati ya kila watano.

Shahidi mkuu wa maafa hayo ni mchungaji Jón Steingrímsson wa Kirkjubæjarklaustur. Anasifiwa kwa ibada ya tarehe 20 Julai 1783, alipohubiri huku lava ikikaribia. Waumini walipotoka kanisani waliikuta imesimama. Kisa chake kingine hakisimuliwi sana, nacho kina uzito zaidi. Alikabidhiwa fedha za msaada wa serikali ya Denmark, iliyoitawala Iceland, azifikishe zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Njiani alizifungua, akawagawia wakulima waliokuwa hawana hata mnyama mmoja. Kwa kosa hilo alitozwa faini.

Wakati huo biashara yote ya kisiwa ilikuwa mikononi mwa ukiritimba wa Denmark, na njaa ilidhihirisha ubovu wa mpango huo. Mwaka 1786 iliamriwa ukomeshwe, na mwaka uo huo Reykjavík ikapewa hadhi ya mji. Makao ya askofu ya Skálholt, yaliyobomolewa na tetemeko la mwaka 1784, yalihamishiwa huko pia.

Barani Ulaya ukungu mkavu wenye harufu ya kiberiti ulifika Paris kabla Juni haijaisha, na jua likaonekana jekundu kama damu. Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali kupita kawaida. Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa, aliandika mwaka 1784 kwamba huenda ukungu huo ndio uliosababisha baridi, na kwamba huenda ulitoka Iceland. Alitaja volkeno ya Hekla: mlima alikosea, nchi alipatia.

Kwa msomaji wa Afrika, sehemu nzito zaidi ya habari hii iko Misri. Kati ya Juni na Septemba mvua kubwa hunyesha katika nyanda za juu za Ethiopia, na maji yake hushuka kwa Nile ya Buluu. Mvua hizo huletwa na tofauti ya joto: bara likipata joto kuliko bahari, hewa yake hupanda, na upepo wenye unyevu hujaza nafasi. Kanuni hiyohiyo huvumisha kusi na kaskazi kwenye pwani yetu. Mwaka 1783 ukungu wa Laki ulizipoza nchi za kaskazini, mvuto huo ukadhoofika, na mvua ikapungua. Vielelezo vya kompyuta vilivyochapishwa mwaka 2006 vinaunga mkono maelezo haya.

Mkulima wa Misri alingoja mto ufurike, ufunike shamba na kuacha tope, ndipo apande. Mafuriko ya 1783 yalikuwa haba, na ya 1784 vilevile. Msafiri Mfaransa Volney, aliyekuwa huko, aliandika kwamba nchi ilipoteza karibu sudusi ya watu wake, kwa kufa au kuhama. Haikuwa kazi ya mto peke yake: mabei wa Kimamluki, Ibrahim na Murad, waliendelea kuwakamua raia kodi.

Wako wanaodai kwamba Laki ilileta hata Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Huko ni kuvuta kamba mno. Miaka mitano ilikuwa imepita, na mavuno mabaya ya 1788 yalitokana na ukame na mvua ya mawe ya mwaka huohuo, katika nchi iliyokuwa tayari imezama kwenye madeni. Madhara yaliyo wazi ni ya Iceland: sensa ya mwaka 1801 ilihesabu watu 47,000 hivi, bado wachache kuliko waliokuwapo kabla ya mlipuko.