Japani na Korea Kusini: Majirani wawili, ujana wa namna mbili

KILA mwaka mwezi wa Novemba, kwa muda wa dakika 35 hivi mchana, anga ya Korea Kusini huwa kimya. Hakuna ndege inayoruhusiwa kupaa wala kutua, na zile ambazo tayari zimo angani huamriwa kuzunguka juu, kwenye kimo cha zaidi ya kilomita tatu, hadi zipewe idhini ya kushuka.

Sababu si vita wala dhoruba. Ni kwamba watahiniwa wapatao nusu milioni, katika kila pembe ya nchi, wanafanya sehemu ya kusikiliza ya mtihani wa Kiingereza, na serikali haitaki ngurumo ya injini imnyime hata mmoja wao neno moja.

Mtihani huo, unaojulikana kama Suneung, ulianza mwaka 1993 na huamua ni nani ataingia chuo kikuu na kipi. Hufanywa kwa siku moja tu, Alhamisi, tangu asubuhi hadi jioni. Siku hiyo afisi nyingi na soko la hisa hufunguliwa saa moja baada ya wakati wa kawaida ili barabara zisisongamane, na polisi huwabeba kwa pikipiki wanafunzi waliochelewa. Wanaoutunga hufungiwa mahali pa siri kwa takriban siku 40, bila simu wala wageni, hadi mtihani umalizike.

Mnamo Novemba 2017 tetemeko la ardhi liliukumba mji wa Pohang siku moja tu kabla ya mtihani. Serikali iliuahirisha kwa wiki nzima kote nchini. Iliripotiwa wakati huo kuwa vijana waliokuwa wamekwisha kutupa vitabu vyao kwa furaha ya kumaliza masomo walirudi kuvitafuta kwenye mapipa ya taka.

Ukivuka bahari kuelekea Japani, safari ya saa mbili hivi kwa ndege kutoka Seoul hadi Tokyo, mambo hubadilika. Watu wengi, hasa wale wanaozijua nchi hizi kupitia televisheni, huzichanganya kana kwamba ni kitu kimoja: sare za shule, tuisheni za usiku, mitihani migumu. Ni kweli zinafanana kwa umbo. Lakini mzigo wa kijana wa Japani na ule wa mwenzake wa Korea haukai begani mahali pamoja.

Wajapani nao wana mtihani wa kitaifa wa kuingia vyuo vikuu. Hufanywa katikati ya Januari, Jumamosi na Jumapili, mara nyingi theluji ikianguka. Huu wa sasa ulianza mwaka 2021, ukichukua nafasi ya ule uliokuwapo tangu 1990. Hata hivyo, huo ni mlango wa kwanza tu. Vyuo vikuu vya umma huwa na mitihani yao wenyewe mwishoni mwa Februari, na vya kibinafsi vina yao. Isitoshe, zaidi ya nusu ya wanaojiunga na vyuo vikuu nchini humo siku hizi hupitia njia nyingine kama vile mapendekezo ya shule, insha na mahojiano. Anayeshindwa aweza kurudia mwaka unaofuata, na huitwa "ronin", jina la kale la samurai asiye na bwana.

Imani za kienyeji hazikosi pande zote mbili. Nchini Korea mtahiniwa hupewa "yeot", peremende yenye kunata, ili majibu yagande kichwani. Haandaliwi mchuzi wa mwani kwa vile mwani huteleza. Nchini Japani chokoleti ya KitKat huuzwa kwa wingi msimu wa mitihani kwa sababu jina lake latamkika karibu sawa na maneno yenye maana ya "hakika utashinda". Wengine huenda hadi hekalu la Dazaifu, kisiwani Kyushu, kumwomba Tenjin, mungu wa elimu, na kuacha vibao vya mbao vilivyoandikwa majina ya vyuo wanavyovitamani.

Penye tofauti kubwa zaidi ni tuisheni. Japani ina "juku" zake, nazo ni nyingi. Lakini nchini Korea vituo vya masomo ya ziada, "hagwon", vimekuwa kama mfumo wa pili wa elimu unaokimbia sambamba na ule wa serikali. Mwaka 2024 wazazi wa Korea walitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya kibinafsi ya watoto wao, kuanzia shule za msingi hadi za upili.

Serikali imejaribu kila dawa. Mwaka 1980 utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ulipiga marufuku masomo ya kibinafsi kabisa. Yalijificha, yakawa ghali zaidi, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa marufuku hiyo inakiuka haki za raia. Baadaye jiji la Seoul liliamuru vituo hivyo vifungwe saa nne usiku. Matokeo yake yaonekana mtaani Daechi-dong, katika wilaya ya Gangnam: inapogonga saa nne, barabara hujaa magari ya wazazi waliokuja kuwachukua watoto, na msongamano huo huwa mkubwa. Mwaka 2023 Rais Yoon Suk Yeol aliagiza maswali magumu kupindukia, yasiyofundishwa darasani, yaondolewe kwenye Suneung. Gharama haikushuka mwaka uliofuata.

Kijana wa Japani, kwa upande wake, hutumia jioni nyingi katika vyama vya shule. Baada ya masomo yeye hubaki kwa mazoezi ya besiboli, judo, upigaji tarumbeta au uandishi wa herufi kwa brashi, mara nyingine hata siku za mapumziko. Kilele cha maisha hayo ni mashindano ya besiboli ya shule za upili mwezi Agosti, yaliyoanza mwaka 1915 na ambayo tangu 1924 huchezewa katika uwanja wa Koshien. Timu zinazobanduliwa huchota udongo wa uwanja huo na kwenda nao nyumbani, wachezaji wakilia hadharani mbele ya kamera. Nchini Korea michezo ya ngazi hiyo aghalabu huachiwa wale wachache wanaotarajia kuifanya kazi ya maisha.

Shule za Japani pia zimesifika, au kulaumiwa, kwa masharti madogo madogo: rangi ya soksi, urefu wa sketi, rangi ya nywele. Msichana mmoja wa Osaka ambaye nywele zake, kwa mujibu wa madai yake, ni za kahawia kwa kuzaliwa, alishtaki mwaka 2017 baada ya kulazimishwa kuzitia rangi nyeusi mara kwa mara. Mwaka 2021 mahakama iliamuru alipwe yeni 330,000 kwa jinsi alivyotendewa, ingawa haikuona kosa katika sharti lenyewe. Aprili 2022 shule za upili za umma za jiji la Tokyo ziliondoa masharti ya aina hiyo.

Chuoni, mambo hugeuka. Mwanafunzi wa Japani akishaingia chuo kikuu hupumua. Ni miaka ya vyama, safari na vibarua, ambavyo huitwa "arubaito", neno waliloliazima kwa Wajerumani. Wakorea nao wakalichukua kutoka kwa Wajapani na kulifupisha kuwa "alba". Raha hiyo hukatika mwaka wa tatu, wanafunzi wanapovaa suti nyeusi zinazofanana na kuanza kuzunguka makampuni wakisaka ajira. Ahadi rasmi za kazi hutolewa kuanzia Oktoba 1, kabla hata ya kuhitimu, na Aprili 1 maelfu huanza kazi siku moja. Aliyekosa nafasi hiyo, kama ilivyowapata waliohitimu miaka ya tisini uchumi ulipodorora, hupata taabu kuipata tena.

Mwenzake wa Korea hana mapumziko hayo, na kama ni mvulana ana deni jingine: jeshi. Sheria inamtaka kila mwanamume mwenye afya ahudumu, na katika jeshi la nchi kavu muda huo ni miezi 18. Wengi huacha chuo mwaka wa kwanza au wa pili, huvaa magwanda, kisha hurudi darasani na kukuta wasichana walioanza nao wanakaribia kuhitimu. Hata kundi maarufu la muziki la BTS halikusamehewa. Wanachama wake walianza kuingia jeshini Desemba 2022, na wote saba walikuwa wamemaliza kufikia Juni 2025. Japani haijakuwa na jeshi la lazima tangu 1945.

Labda ni katika siasa ambako historia imewatenga zaidi vijana hawa. Mwaka 1960 wanafunzi wa nchi zote mbili walijaa barabarani. Nchini Korea maandamano ya Aprili 19 yalimwondoa Rais Syngman Rhee. Nchini Japani waandamanaji walipinga mkataba wa usalama na Marekani, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Michiko Kanba, akafa mnamo Juni 15. Waziri Mkuu Nobusuke Kishi alijiuzulu lakini mkataba ukabaki. Mwaka 1969 polisi waliwatoa wanafunzi waliojifungia katika ukumbi wa Yasuda wa chuo hicho, na miaka mitatu baadaye ilipofichuka kuwa kikundi cha siasa kali kilikuwa kimewaua wanachama wake wenyewe, umma ukawapa kisogo.

Wakorea waliendelea. Mwaka 1987 kifo cha mwanafunzi Park Jong-chul mikononi mwa polisi, na kisha kujeruhiwa vibaya kwa Lee Han-yeol aliyepigwa na kopo la gesi ya kutoa machozi, viliulazimisha utawala kukubali uchaguzi wa moja kwa moja wa rais. Ndiyo maana Desemba 2024, Rais Yoon alipotangaza sheria ya kijeshi, vijana hawakuhitaji kufundishwa la kufanya. Wengi wao, hasa wasichana, walifika mbele ya bunge wakiwa na taa za rangi wanazopunga kwenye tamasha za muziki. Aprili 4, 2025 Mahakama ya Katiba ilimwondoa madarakani.

Muziki huohuo una kisa chake. Hadi 1998 Korea ilipiga marufuku filamu, nyimbo na vibonzo vya Japani kwa sababu ya machungu ya ukoloni wa 1910 hadi 1945. Rais Kim Dae-jung ndiye aliyeanza kuufungua mlango, na kwa mshangao wa wengi upepo ukavuma upande wa pili pia. Leo mtaa wa Shin-Okubo jijini Tokyo hujaa wasichana wa Kijapani wanaonunua vipodozi na picha za wanamuziki wa Korea.

Nyuma ya taa hizo pana huzuni. Nchini Japani, wanafunzi 529 wa shule walijitoa uhai mwaka 2024, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote hadi wakati huo tangu takwimu hizo zianze kuwekwa, na siku zinazoogopwa zaidi ni zile za kufunguliwa kwa shule mwanzoni mwa Septemba. Agosti 2015 maktaba ya mji wa Kamakura iliwatangazia watoto kwenye mtandao kwamba anayeona shule ni mzigo kiasi cha kutaka kufa anaweza kuja kukaa maktabani siku nzima, na hakuna atakayemuuliza kitu. Tangazo hilo lilisambazwa na maelfu ya watu.

Kwa Mkenya, habari hizi si za mbali mno. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, na serikali za nchi zote mbili hutoa ufadhili wa masomo kwa vijana kutoka humu nchini. Anayeupata kwa shahada ya kwanza hupewa kwanza mwaka mmoja wa kujifunza lugha. Akienda Japani, mwaka wa masomo utaanza Aprili. Akienda Korea, utaanza Machi. Na akiwa Korea asikasirike akiulizwa umri wake kabla hajamaliza kutaja jina: mwenyeji hawezi kuchagua namna ya kumsemesha kabla ya kujua nani ni mkubwa wa mwenzake.