Mnara wa Siloamu na Mto Nairobi

Somo: Luka 13:1–5

 Leo twataka kuzungumza juu ya maji ya mafuriko, yale yaliyouingia mji wetu wa Nairobi katika mvua za mwaka 1961, na 1997, na tena 2024. Ziko nchi, kama Marekani, ambako watu huogopa tufani izungukayo, ikang'oa paa na kuzirusha mbali. Sisi hapa msiba wetu hauji kwa kuzunguka. Huanza kwa matone juu ya mabati, nasi twalala tukishukuru kwa mvua. Kabla ya alfajiri maji yamefika kitandani.

Jina lenyewe la mji huu ni la maji. Wamaasai walipaita mahali pa maji baridi, wakawaleta ng'ombe kunywa. Reli ilipofika mwaka 1899, kambi ilijengwa palepale kwenye tambarare yenye kinamasi. Miaka mitatu baadaye tauni ikazuka katika mtaa wa maduka, na maduka yakateketezwa kwa amri ya serikali. Mji ulijengwa upya, lakini haukuhamishwa. Basi tangu mwanzo Nairobi umekaa juu ya njia ya maji, na maji hayajaisahau njia yake.

Tuufuate mto. Huanzia kinamasi cha Ondiri, karibu na Kikuyu, si mbali na Thogoto ambako wamisionari wa Kiskoti walijenga kituo chao. Hushuka kupitia Dagoretti na Kawangware, ukapita bonde la Chiromo na chini ya Museum Hill, hata ukafika Kirinyaga Road, katikati ya mji. Upande wa kusini Mto Ngong hupita kando ya Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi, lililochimbwa katika miaka ya 1950 na ambalo kwa miaka mingi lilijaa tope na magugu. Maji yanayomwagwa juu huwafikia walio chini. Taka inayotupwa Kawangware huziba kalvati ya mtu asiyemjua aliyeitupa.

Na ni nani walio chini? Wakati wa ukoloni miinuko ya magharibi ilitengwa kwa ajili ya Wazungu, na Mwafrika akapewa sehemu nyingine. Kibera ilikuwa ardhi waliyopewa askari Wanubi, nao wakaiita kwa lugha yao jina lenye maana ya msitu. Baada ya uhuru watu walikuja mjini kutafuta kazi, na kodi ya nyumba iliyo juu ya kilima haikuwa ya mshahara wao. Wakajenga penye nafasi, yaani mabondeni. Hakuna mama aliyeamua kulala kando ya mto kwa sababu alipenda hatari.

Mwaka 1961, baada ya kiangazi kikali na njaa, mvua ilinyesha hata barabara na reli zikakatika sehemu nyingi za Kenya, na vyakula vikadondoshwa kwa ndege. Mwaka 1997, mwezi wa Oktoba, ikaja mvua ya El Niño, ikaendelea hata mwanzo wa 1998; madaraja yakachukuliwa, na kipindupindu kikafuata. Kisha ukaja mwaka 2024. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili mito ya Nairobi ilivunja kingo zake. Mathare, upande wa mashariki, walipanda juu ya mapaa wakingoja kuokolewa. Huku magharibi vibanda vya mabondeni viliingiwa na maji, na hata baadhi ya mitaa ya wenye nafasi ilifurika. Kufikia katikati ya Mei watu zaidi ya 280 walikuwa wamekufa katika Kenya nzima, na zaidi ya laki mbili walikuwa wameyaacha makao yao. Shule zilizotakiwa kufunguliwa mwishoni mwa Aprili zilifunguliwa tarehe 13 Mei.

Wapendwa, siku zile tulisikia neno likisemwa njiani na hata makanisani: kwamba wale walikufa kwa dhambi zao. Bwana Yesu alikwisha kulijibu neno hilo. Aliwauliza watu juu ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, kama walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Akasema sivyo. Kisha akawageukia walio hai, akawaita watubu.

Basi sisi tuliobaki hai tutubu nini? Siloamu mnara ulianguka. Hatujui nani aliujenga. Lakini Nairobi twajua. Twajua kiwanja kilichouzwa ukingoni mwa mto kwa hati yenye mihuri. Twajua ukuta wa jumba uliosukuma mto upande wa pili. Twajua mtaro ulioachwa wazi siku ya kwanza, ukajaa mifuko na maganda siku ya kumi. Toba ya mambo haya haiishi kwa machozi ya Jumapili. Yataka jembe na sepetu, na yataka sauti ya kusema kweli mahali viwanja vinapogawanywa.

Liko jambo lingine. Maji yalipokuwa bado hayajakauka, serikali iliamuru nyumba zilizo ndani ya mita 30 za mto ziondolewe, matrekta yakaja, na kila jamaa ikaahidiwa shilingi 10,000 za kuhamia. Kuwaondoa watu penye hatari ni jambo jema. Lakini waende wapi? Jirani aliyevunjiwa kibanda atakodi kingine, na chenye kodi aiwezayo kiko bondeni vilevile. Huruma isiyouliza swali hili ni nusu ya huruma. Yule Msamaria hakumwacha majeruhi mlangoni pa nyumba ya wageni. Alilipa, akaahidi kurudi.

Wakati wa mafuriko Mkristo hufungua mlango, hutandika mkeka, hugawa uji. Heri wote waliofanya hivyo. Lakini mwezi wa pili, blanketi zikiisha na magazeti yakinyamaza, ndipo upendo hupimwa. Ndugu msikilizaji, katika ushirika wako yuko nani aliyepoteza vyombo, au sare za watoto, au kitambulisho? Umwendee juma hili. Na kabla ya mvua zijazo, wazee wa kanisa lenu waite watu wa mtaa, mwenye jumba na mwenye kibanda, wazibue mtaro mmoja pamoja.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe tulipomhukumu aliyezama. Utupe macho ya kumwona aliye chini yetu mtoni, na mikono isiyochoka mvua ikikatika. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.