Kiatu Kilichoshonwa Ili Kifumuliwe

Viweke rafuni viatu viwili vyeusi vya kufunga kamba, kimoja cha pauni 150 na kingine cha zaidi ya pauni 1,000, vyote vikiwa vimetoka kung'arishwa. Wanunuzi wengi watashindwa kuvitofautisha, na si kosa lao. Vyote vinang'aa, vyote vina mshono unaozunguka ukingo wa soli, na muuzaji wa kila kimoja atakuapia kwamba kimeshonwa kwa njia ya Goodyear. Tofauti ipo, na kwa sehemu kubwa ni ya haki, lakini imejificha mahali ambapo jicho halifiki, kati ya unyayo na ardhi. Kujua ilifikaje huko kunatupeleka nyuma miaka 500.

Hadi kukaribia mwaka 1500, viatu vya Ulaya vilishonwa vikiwa vimepinduliwa ndani nje. Fundi aliunganisha ngozi ya juu na soli kwa mshono mmoja, kisha akakigeuza kiatu kizima ili mshono ubaki ndani. Kazi ilitoka safi, lakini soli ililazimika kuwa laini kiasi cha kugeuzika, na soli laini haihimili mawe wala matope. Ndipo mafundi walipoongeza kipande cha tatu, mkanda mwembamba wa ngozi unaozunguka kiatu, ambao katika biashara hii huitwa welti. Mshono wa kwanza unafunga pamoja soli ya ndani, ngozi ya juu na welti. Mshono wa pili unaifunga soli ya nje kwenye welti. Mishono hiyo miwili haikutani. Soli ya nje ikilika, fundi hufumua mshono wa pili peke yake, hushona soli mpya, na sehemu iliyokwisha kuzoea mguu wa mwenyewe haiguswi. Ndani ya Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII iliyozama mwaka 1545, vilipatikana viatu vya kugeuzwa na vya welti, vya zama mbili ndani ya meli moja.

Kwangu mimi mizani yote ya thamani imesimama juu ya jambo hilo. Kiatu kinachostahili bei kubwa ni kile kilichotengenezwa na mtu aliyejua kwamba siku moja kitafumuliwa na mtu mwingine. Mengine yote ni mapambo, hata yakiwa mapambo ya kupendeza.

Mji ulioifanya kazi hii kuwa riziki yake ni Northampton, katikati ya Uingereza. Ulikuwa na malisho ya ng'ombe, mto Nene wa kuoshea ngozi, na misitu ya mialoni ambayo magome yake yalitumika kusindika ngozi. Mwaka 1642 kundi la washona viatu wa mji huo, wakiongozwa na Thomas Pendleton, lilipewa zabuni ya jozi 4,000 za viatu na 600 za buti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likielekea Ireland. Tangu hapo vita na viatu vya Northampton viliandamana. Hata hivyo, karne mbili baadaye kazi bado ilifanyika kwa mkono: msharasi wa kutobolea, uzi wa kitani uliopakwa nta, na unywele mgumu wa nguruwe mwitu uliotumika badala ya sindano. Mashine za kushonea zilipoingia mjini humo mwishoni mwa miaka ya 1850, mafundi waligoma.

Mashine iliyobadilisha kila kitu ilitoka Marekani. Wengi wetu tunalijua jina Goodyear kupitia matairi, lakini kampuni hiyo ya matairi ilianzishwa mwaka 1898 na mtu mwingine kabisa, Frank Seiberling, aliyeipa jina hilo kwa heshima ya Charles Goodyear, mgunduzi wa njia ya kuuimarisha mpira kwa joto na salfa. Aliyehusika na viatu ni mwanawe, Charles Goodyear mdogo. Aliichukua mashine ya sindano iliyopinda, ambayo Auguste Destouy alikuwa ameibuni mapema miaka ya 1860, akaifanyia marekebisho pamoja na mafundi wake, na katika miaka ya 1870 ikawa na uwezo wa kushona welti yenyewe. Kazi iliyokuwa ikimla fundi saa nyingi sasa ilichukua dakika.

Lakini mashine moja haitoshi kutengeneza kiatu. Ngozi ya juu ilikuwa bado inavutwa kwa mkono juu ya kalibu ya mti na kupigiliwa misumari midogo, na waliojua kuivuta walikuwa ndio wakubwa wa kiwanda kwa vitendo, kwa kuwa wao wakikaa, kila mtu anakaa. Fundo hilo lilifunguliwa na Jan Matzeliger, kijana aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, kwa baba Mholanzi na mama Mweusi. Alifika Lynn, Massachusetts, akapata kazi kiwandani, na usiku akawa anaunda vielelezo vya mashine yake kwa mabaki ya mbao na vyuma. Hati miliki aliipata mwezi Machi 1883. Fundi hodari wa mkono aliweza kuvuta jozi 50 hivi kwa siku, na mashine ile ilifikia hadi 700. Matzeliger alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889 akiwa bado hajatimiza miaka 37, na utajiri uliotokana na akili yake ukawaendea wengine. Naona ni dhuluma kwamba jina la Goodyear limegandamizwa kwenye soli duniani kote, na la Matzeliger halimo hata kwenye boksi.

Mwaka 1899 makampuni makubwa ya mashine hizi yaliungana kuwa United Shoe Machinery. Kampuni hiyo haikupenda kuuza mashine. Ilizikodisha. Mwenye kiwanda hakuhitaji mtaji wa kununua, alihitaji tu kulipa kodi, na mshono ule ule ukapatikana kwa mjuzi na kwa asiye mjuzi. Ndiyo sababu maneno "imeshonwa kwa Goodyear" hayakwambii kama kiatu ni kizuri. Yanakwambia mashine gani ilitumika.

Lipo pia jambo ambalo matangazo hayalisemi. Fundi wa mkono huchukua soli ya ndani ya ngozi nene, mara nyingi ya milimita 5 hivi, na kuichonga ukingo ndani ya unene wake mwenyewe, kisha hushona welti kwenye ukingo huo. Ngozi inashikwa na ngozi. Mashine, kwa kawaida, haina subira hiyo. Kiwandani soli ya ndani hugundishwa utepe wa turubai uliosimama, na mashine hushona welti kwenye utepe. Kwa hiyo kiatu kinachosifiwa kwa kushonwa kinategemea gundi, tena katika mshono wenyewe wa msingi. Gundi nzuri hudumu miaka mingi, na viatu vya namna hiyo vilivyobadilishwa soli mara kadhaa vipo tele. Lakini utepe ukianza kuachia, hasa kwa kiatu kilichozoea kulowa, kazi ya kukirekebisha ni kubwa, na si kila fundi ataikubali.

Kinachobeba utepe kina uzito zaidi ya utepe wenyewe. Soli ya ndani ndiyo inayobeba mwili siku nzima. Ikiwa ni ngozi halisi nene, juu ya unga wa koki unaojaza pengo lililo chini yake, inanywa jasho na kuchukua alama ya mguu polepole. Ikiwa ni ubao wa nyuzi zilizosagwa na kushindiliwa, itakatika pale kiatu kinapokunjika, na hakuna soli mpya itakayokiokoa. Nikiruhusiwa kumuuliza muuzaji swali moja tu, nitamuuliza soli ya ndani ni ya nini. Anayejibu kwa kuzungumzia rangi na mtindo ameshanijibu.

Ngozi ya juu ni hadithi nyingine. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alipata hati miliki ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromi, na kazi ya miezi ikawa ya siku. Ngozi laini ya ndama ya viatu vya kisasa ilitokana na njia hiyo. Viwanda kama Annonay cha Ufaransa vimejijengea jina kwa kuisindika ngozi ya ndama pasipo kuficha uso wake. Ngozi hafifu, yenye makovu na alama za kupe, hupigwa msasa na kufunikwa kwa tabaka la plastiki, na dukani ndiyo inayong'aa kuliko zote. Ikunje kidogo kwa kidole: ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo mingi, iliyopakwa hutoa mkunjo mmoja mpana. Tazama pia kama kiatu cha kulia na cha kushoto vinafanana. Ngozi ya mgongo ni imara, ya tumbo inalegea, na mkata ngozi anayelazimishwa kubana matumizi huchanganya zote mbili.

Ngozi ya soli, kwa upande wake, ilibaki kwenye magome ya miti. Huko Colyton, Devon, familia ya Baker bado inailaza ngozi kwenye mashimo ya magome ya mwaloni kwa zaidi ya mwaka mzima. Lakini mialoni haikuweza kuhudumia viwanda vyote, na hapo ndipo historia hii inapopita kwetu. Miwati, mti wenye asili ya Australia, ilipandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Kenya na Tanganyika kwa ajili ya magome yake. Thika kulijengwa kiwanda cha kuyakamua, na Njombe ikaanzishwa kampuni ya TANWAT mwaka 1949. Inauma kufikiri kwamba nchi zenye ng'ombe wengi namna hii na magome yote hayo zimeendelea kuuza malighafi na kupokea viatu vya mtumba.

Na kwenye marundo ya masoko ya mtumba ya Gikomba na Karume viatu vya welti huonekana, ambavyo mwenyewe wa kwanza aliviacha kwa sababu ya soli tu. Kigeuze, tazama ndani. Mshono unaoonekana ukizunguka juu ya soli ya ndani ni wa njia ya Blake, yenye hati miliki ya mwaka 1858, ambayo hupitisha uzi mmoja kutoka ndani hadi nje. Kiatu hicho ni chepesi na kizuri, ila kukibadilisha soli kunataka mashine maalumu. Nyuzi zinazoonekana juu ya welti zikikosekana chini ya soli, usikate tamaa haraka: mafundi bora hupasua ngozi ya soli, huficha uzi ndani ya mpasuko na kuufunika. Lakini zikikosekana chini ya soli ya mpira isiyo na mfereji wala mpasuko, mshono wa pembeni ni pambo lililogundishwa. Ukishapata cha kweli, mwombe fundi afumue na kushona; akikigongomelea misumari kupita kwenye welti ameua kiungo kilichokuwa uhai wake.

Turudi kwenye ile pauni 1,000. Hadi kiwango fulani, kila pauni inanunua umri: soli ya ndani nzuri zaidi, ngozi bora, kisigino cha matabaka ya ngozi halisi. Kupita hapo pesa inanunua kalibu iliyochongwa kwa ustadi, kiuno cha soli kilichobanwa kwa umaridadi, mikono ya wamaliziaji wa viwanda kama Edward Green au John Lobb, na jina. Sioni aibu kuilipia kazi hiyo, maana ni kazi. Ila isihesabiwe kuwa uimara. Huko Budapest karakana ya László Vass, iliyofunguliwa mwaka 1978, bado inashona welti kwa mkono kwenye soli za ndani zilizochongwa, na jozi yake ya dukani huuzwa kwa bei ya chini kuliko baadhi ya zile za Northampton zilizoshonwa kwenye utepe wa turubai.