Cheti cha jengo la kijani: kinapima nini, na hutolewa lini

Jengo la kijani ni jengo lililosanifiwa, likajengwa na kuendeshwa kwa namna inayopunguza matumizi ya nishati, maji na malighafi, bila kuwanyima wakaaji wake mwanga, hewa safi na nafuu ya joto. Kwa hesabu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), majengo na shughuli za ujenzi huchangia takriban theluthi moja ya hewa ukaa inayotokana na nishati duniani. Jina hilo sasa limeenea hata katika mabango ya wauzaji wa nyumba, na si kila alitumiaye ana cha kuonyesha. Vyeti viliwekwa ili dai hilo lipimwe na mtu asiyekuwa muuzaji.

Mfumo wa kwanza uliojulikana sana, BREEAM, ulianzishwa nchini Uingereza mwaka 1990. Marekani ikafuata na LEED, unaotoa alama hadi 110: jengo lenye alama 40 hupata cheti cha kawaida, na lenye 80 au zaidi hupata daraja la juu kabisa la platinamu. Green Star, uliobuniwa Australia, uliletwa barani kupitia Afrika Kusini na hutumika pia nchini Kenya.

Mfumo ulio rahisi zaidi kwa nyumba za kawaida ni EDGE, uliobuniwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi. Sharti lake ni moja: jengo litumie angalau asilimia 20 pungufu ya jengo la kawaida la eneo hilohilo katika mambo matatu, yaani nishati, maji, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi. Kufaulu mawili na kukosa la tatu hakutoshi. Programu ya kukokotoa hesabu hizo hupatikana bure mtandaoni, na mwanafunzi wa usanifu anaweza kuijaribu leo. Tena jengo lisilo na viyoyozi halisifiwi kwa kutokuwa navyo tu. Iwapo vyumba vitakuwa na joto kupita kiasi, programu huongeza katika hesabu nishati ambayo wakaaji wataitumia siku watakapochoka na kununua feni.

Sehemu kubwa ya alama hizo hupatikana, au hupotea, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu na mashariki na magharibi kamili mwaka mzima. Asubuhi na jioni huwa chini, na miale yake hupenya moja kwa moja katika madirisha ya pande hizo, wala ukingo wa paa hauwezi kuizuia. Adhuhuri huwa juu utosini, na hapo ukuta wa kaskazini au wa kusini hukingwa na kivuli cha ukingo mfupi tu. Basi jengo refu hulazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha yake makubwa yakaelekea kaskazini na kusini. Kuugeuza mchoro kwenye karatasi hugharimu kidogo sana. Jengo likishasimama, haligeuki.

Mfano ulio wazi kwa mwananchi wa Kenya ni ofisi za UNEP na UN-Habitat zilizoko Gigiri, Nairobi, zilizozinduliwa Machi 31, 2011 na Rais Mwai Kibaki pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Ban Ki-moon. Majengo manne yameunganishwa kwa njia za juu, na katikati ya kila moja kuna ukumbi ulio wazi hadi paani. Hewa yenye joto hupanda kupitia ukumbi huo na kutoka juu, nayo hewa baridi huingia kupitia madirishani; ofisi za wafanyakazi wapatao 1,200 hupata hewa kwa njia hiyo badala ya kutegemea viyoyozi. Mwanga wa mchana hufika hadi sakafu za chini. Paani kuna mita za mraba 6,000 za paneli za umeme wa jua. Maji ya mvua hukusanywa, na majitaka husafishwa papo hapo na kunyweshea bustani. Paneli ndizo zinazopigwa picha, lakini zinatosheleza kwa sababu mahitaji yalipunguzwa kwanza.

Mpango huo hauwezi kuhamishwa ulivyo hadi Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi iko juu, na usiku wake wa baridi huipoza zege iliyopata joto mchana. Pwani, usiku nao una joto na unyevu. Kinachomwokoa mkaaji ni kivuli na upepo unaopita kutoka dirisha hadi dirisha. Wajenzi wa miji ya Waswahili walilijua hilo. Nyumba za kale za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za juu, ua wa ndani wa kupitisha hewa, na vichochoro vyembamba ambamo nyumba moja huikinga nyingine na jua. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Mnara wa vioo unaotazama magharibi katika mji wa aina hiyo ni tanuri, hata ukipewa viyoyozi vya kisasa namna gani.

Kipengele cha vifaa huwashinda wengi. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400, na mawe hayo yenyewe hutoa hewa ukaa yanapochomwa, mbali na ile ya makaa ya mawe. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana yenyewe. Hayachomwi kwa kuni, na hupunguza udongo wa kuunganishia.

Katika nchi nyingi vyeti hivi ni vya hiari. Rwanda ilichukua njia nyingine mwaka 2019, ilipoingiza masharti ya chini ya majengo ya kijani katika kanuni zake za ujenzi.

Kwa mnunuzi au mpangaji, jambo la kuangalia ni hatua ya cheti chenyewe. EDGE hutoa cheti cha awali baada ya mkaguzi kupitia michoro na hesabu. Cheti kamili hutolewa ujenzi ukikamilika, baada ya mkaguzi kufika na kuthibitisha kwamba kilichochorwa ndicho kilichojengwa: mabomba ya maji machache, vivuli vya madirisha, taa na aina ya tofali. Kati ya hatua hizo mbili mkandarasi anaweza kubadili vifaa ili kuokoa fedha. Nyumba inayouzwa ikiwa bado ni mchoro inaweza tu kuwa na cheti cha awali, na mnunuzi ana haki ya kuomba mkataba utaje kwamba cheti kamili kitapatikana, na nani atabeba gharama kisipopatikana.