Kinachomaliza tairi za nyuma gari likishushwa

Honda Civic zilizoundwa kati ya 1992 na 2000 hupendwa sana na wanaoshusha magari kwa kuyatia springi fupi. Muda si muda, tairi za nyuma hulika upande wa ndani, na lawama huelekezwa kwa magurudumu kuinamia ndani upande wa juu.

Lawama hizo zina ukweli nusu. Mwinamo wa digrii moja au mbili hausagi tairi upesi. Kinachozimaliza hasa ni magurudumu mawili kutokwenda sambamba, kwani huburutwa kiupande safari nzima. Hatari zaidi ni yakielekea nje kwa mbele: nyuma ya gari huyumba likifungwa breki au likikata kona.

Kwa hivyo, fundi hana budi kuanza na mwelekeo. Hulegeza bolti za kiungo kifupi kilicho kwenye ncha ya mbele ya mkono mrefu wa gurudumu, kisha hukisogeza. Mwinamo, ambao kiwanda hakikuuwekea marekebisho nyuma, huhitaji mkono wa juu unaoweza kurefushwa. Ukishabadilishwa, mwelekeo sharti upimwe upya.