Majanga Manne Yaliyoifunza Uingereza, 1703–1722

Mwishoni mwa Novemba 1703, mwandishi Daniel Defoe alitazama kipimahewa chake nyumbani, akakuta zebaki imeshuka kuliko alivyowahi kuiona. Akadhani watoto wamekichezea. Watoto hawakuwa na kosa. Usiku wa kuamkia tarehe 27, kwa kalenda ya zamani ambayo Waingereza walikuwa bado wakiifuata, tufani iliipiga nusu ya kusini ya nchi hadi alfajiri. Malkia Anne alikimbiziwa ghalani, chini ya kasri la St James's. Askofu wa Bath and Wells, Richard Kidder, aliangukiwa na dohani akiwa kitandani, akafa pamoja na mkewe. Jeshi la majini likapoteza manowari 13 na mabaharia wapatao 1,500.

Simulizi za miaka hiyo kwa kawaida hufuata kiti cha enzi. Anne alitawazwa mwaka 1702. Alishika mimba 17 na hakubakiwa na mtoto hata mmoja wa kumrithi. Mwaka 1707 England na Uskoti ziliunganishwa kuwa dola moja. Anne alipofariki mwaka 1714, taji lilivuka bahari hadi Hanover kumtafuta George, ndugu wa mbali, kwa sababu sheria iliwakataa jamaa wa karibu waliokuwa Wakatoliki. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna njia nyingine ya kuisoma miaka hiyo 20: kufuata misiba yake, na kutazama kila msiba uliacha nini nyuma yake.

Upepo na kalamu

Defoe alikuwa ametoka gerezani Newgate majuma machache kabla ya tufani. Kosa lake lilikuwa kijitabu cha kejeli kuhusu dini na siasa, na kwa ajili yake alisimamishwa hadharani siku tatu, shingo na mikono vimebanwa kwenye ubao. Alikuwa na madeni, watoto, na jina lililochafuka. Alichofanya baada ya tufani kilikuwa kipya: alitangaza magazetini akiwaomba watu wa kila pembe wamwandikie waliyoyaona. Barua zikaja kutoka kwa makasisi, mabaharia na watu wa mashamba. Mwenyewe alizunguka Kent akihesabu miti iliyong'oka. Alipofika 17,000 alichoka, akaacha. Mwaka 1704 akachapisha kitabu, The Storm. Alikuwa bado anaamini kwamba tufani ni mkono wa Mungu, lakini aliandika kama mtu anayekusanya ushahidi wa kesi. Miaka 15 baadaye ustadi huohuo wa kuorodhesha vitu kimoja kimoja ungempa Robinson Crusoe, shujaa wa riwaya yake, kisiwa chake.

Kwenye miamba ya Eddystone, mbele ya bandari ya Plymouth, Henry Winstanley alikuwa amejenga mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1698. Inasimuliwa kwamba alijigamba angependa kuwamo ndani yake siku ya dhoruba kubwa kuliko zote. Alikuwamo, kwa kazi ya ukarabati. Kulipokucha mnara haukuwapo, wala yeye. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: kabla ya muongo huo kwisha, mnara wa pili ulikuwa umeshasimama juu ya miamba ileile.

Meli zisizojua zilipo

Tarehe 22 Oktoba 1707, Admeri Cloudesley Shovell alikuwa anarejea nyumbani na kundi la meli kutoka Bahari ya Kati. Alikuwa mzoefu, aliyeanza ubaharia akiwa mtoto. Manahodha wake waliamini wako salama mbali na nchi kavu. Usiku uleule walijikuta juu ya miamba ya visiwa vya Scilly. Meli nne zilizama, miongoni mwao Association, aliyopanda admeri mwenyewe. Waliokufa walikuwa kati ya 1,400 na 2,000.

Baharia wa siku hizo aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua na nyota. Kujua yuko mashariki au magharibi kiasi gani, yaani longitudo, kulikuwa kubahatisha: alikadiria mwendo, akahesabu saa, akamwachia Mungu yaliyobaki. Wanahistoria wa leo huongeza kwamba usiku ule hata ramani zilikuwa na makosa. Hata hivyo, vifo vya Scilly vilibaki midomoni mwa watu. Mwaka 1714 Bunge, baada ya kusikiliza ushauri wa wataalamu, akiwamo Isaac Newton, lilipitisha sheria ya zawadi: pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo kwa kosa lisilozidi nusu digrii.

Wanajimu walidhani jibu litatoka mwezini na kwenye nyota. Lilitoka kwa seremala. John Harrison, aliyekulia kijijini Lincolnshire, alianza kwa kutengeneza saa za mbao. Aliona kwamba baharia akiwa na saa isiyopotea, inayomwonyesha wakati wa bandari alikotoka, ataulinganisha na adhuhuri ya mahali alipo. Kila saa moja ya tofauti ni digrii 15. Kazi hiyo ilimla karibu maisha yote. Saa yake ya nne ilijaribiwa katika safari ya Jamaica mwaka 1761, na malipo yake ya mwisho aliyapata mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 80.

Hisa na hospitali

Janga la tatu halikutoka angani. Kampuni ya South Sea iliundwa mwaka 1711 ili kubeba sehemu ya deni la serikali. Mwanzoni mwa 1720 hisa yake iliuzwa kwa pauni 128 hivi. Kiangazi ikakaribia 1,000. Makabaila, wajane, makasisi na watumishi wa nyumbani walikopa ili wanunue. Ilipofika mwisho wa Septemba bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya 200. Newton, aliyeweza kukokotoa mwendo wa sayari, alipoteza maelfu ya pauni.

Uchunguzi wa Bunge uligundua mawaziri waliogawiwa hisa bila kulipa hata peni. Waziri wa fedha, John Aislabie, alifukuzwa bungeni na kufungwa katika Mnara wa London. Katika vumbi hilo akapanda Robert Walpole, aliyeshika hazina mwaka 1721, akawalinda baadhi ya wakubwa wasiguswe, na kubaki madarakani miaka 21. Ndiye anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Na Thomas Guy, mchapishaji na muuzaji wa Biblia aliyejulikana kwa ubahili, aliuza hisa zake bei ikingali juu. Utajiri huo ulijenga hospitali ya Guy's jijini London, ambayo ingali inatibu wagonjwa.

Ndui na mama mmoja

Lady Mary Wortley Montagu alifiwa na kaka yake kwa ndui mwaka 1713. Mwaka 1715 ikamshika yeye. Alipona, lakini uso ulibaki na makovu na kope hazikuota tena. Mumewe alipoteuliwa kuwa balozi kwa Waturuki, alienda naye, na huko aliona vikongwe wakichanja watoto kwa usaha wa mgonjwa wa ndui aliyeugua kidogo. Mtoto aliugua siku chache, akapona, na ndui haikumrudia. Mwaka 1718 alimchanjisha mwanawe kwa mkono wa kikongwe wa Kigiriki. Mwaka 1721, ndui ilipoivamia London, alimchanjisha na bintiye, mbele ya madaktari.

Agosti mwaka huohuo wafungwa sita wa Newgate waliahidiwa msamaha wakikubali kuchanjwa. Wote walipona na kuachiliwa. Mwaka 1722 mkewe mrithi wa ufalme, Caroline, aliwachanjisha binti zake wawili, na hoja ikahamia kwenye hesabu: waliochanjwa walikufa mmoja katika kila 50 hivi, ilhali ndui ya kawaida iliua mmoja katika kila sita au saba.

Waganga wa London hawakuwa na kisingizio cha kutosikia. Chama cha wanasayansi cha Royal Society kilikuwa kimeshapata taarifa kutoka Konstantinopoli tangu 1714. Mwaka 1716 ikaja barua nyingine, kutoka Boston. Mwandishi wake, kasisi Cotton Mather, alieleza aliyoyasikia kwa mtumwa wake Onesimus: kwamba kwao Afrika watu huchanjwa hivyo, na kwamba yeye mwenyewe ana kovu mkononi la kuthibitisha.

Habari za Onesimus, aliyekuwa mtumwa, zinaturudisha kwenye Kampuni ya South Sea. Tangu 1713, kwa mkataba na Hispania, kampuni hiyo ilikuwa na haki ya kupeleka Waafrika 4,800 kwa mwaka katika makoloni ya Kihispania, kwa miaka 30. Kwa kweli daftari halikusema watu, lilisema vipande. Mwanamume mzima mwenye afya alikuwa kipande kimoja, mtoto sehemu ya kipande. Tufani ilipata kitabu, Scilly ikapata zawadi ya Bunge, hisa zikapata kamati ya uchunguzi. Biashara ya vipande haikupata kamati wakati ule, kwa kuwa haikuandikwa kwenye safu ya hasara. Bunge liliipiga marufuku mwaka 1807, miaka 100 hivi baada ya meli za Shovell kuzama.